Uso wenye mabaka, viganja vinavyowasha: majibu kwa wajawazito walioshtushwa na miili yao

Ukurasa wa maswali mwezi huu tumewaachia wajawazito. Barua zilizotufikia zinafanana kwa jambo moja: rangi ya uso imeulizwa kwa uchungu na kwa urefu, ilhali mwasho wa viganja na uvimbe wa uso vimetajwa mwishoni, mstari mmoja, kama nyongeza. Sisi tunaojibu, wakunga wawili na daktari wa ngozi, tumeupindua uzito huo. Mabaka ya mimba hayamdhuru mtoto. Dawa za kuyafuta ndizo zinazoweza kumdhuru. Na mwasho ambao kila jirani anausemea "ni mimba tu" unaweza kuwa unatoka kwenye ini.

Shikamooni wataalamu. Mimba yangu ya kwanza ina miezi mitano. Tangu mwezi wa nne mashavu na juu ya mdomo vimeota mabaka meusi. Wifi yangu ameniletea kopo la krimu alilochanganyiwa dukani, anasema wiki mbili yanaisha. Nipake? Na je, yatabaki hivi? — Mama Kijacho, Tabata

Marahaba mdogo wetu. Usipake, na hilo kopo lisikae hata kwenye meza ya kujipambia.

Mabaka hayo yanaitwa melasma. Homoni za estrojeni na projesteroni, ambazo hupanda sana katika mimba, huzichochea seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, kisha jua linamalizia kazi. Ndiyo maana hutokea pale linapopiga: mashavuni, kwenye paji la uso, puani, juu ya mdomo, na mara nyingi pande zote mbili zikafanana. Kama mama yako au dada zako waliyapata, nawe uwezekano wako ulikuwa mkubwa. Si uchafu, si damu chafu, wala hayasemi kama ni mtoto wa kike au wa kiume.

Sasa hilo kopo. Mkorogo haukuambii kilichomo, lakini vinavyokutwa mara kwa mara ni vitatu. Cha kwanza ni haidrokwinoni. Kati ya asilimia 35 na 45 ya kile unachopaka hupenya ngozi na kuingia mwilini, kiasi kikubwa mno kwa dawa ya kupaka, kwa hiyo haitumiki kwa mjamzito. Na ikipakwa kwa miaka inaweza kuleta weusi wa kudumu wenye rangi ya bluu na kijivu ambao hauna dawa nzuri. Cha pili ni steroidi kali, mara nyingi klobetasoli. Hii ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi inapoandikwa kwa eneo dogo na kwa siku chache. Lakini mpako mmoja wa mwili mzima hula gramu 20 hadi 30 za krimu, na tafiti za wajawazito zimehusisha steroidi kali zinazozidi gramu 300 katika mimba nzima na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Piga hesabu ya mtu anayejipaka kutwa mara mbili. Steroidi hizo pia huikondesha ngozi, nayo ikihitaji kushonwa baada ya upasuaji wa kujifungua, kidonda hukawia kufunga.

Cha tatu ni zebaki, na hicho ndicho tunachokiogopa kuliko vyote. Hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Kwa mama huharibu figo, protini ikaanza kuvuja kwenye mkojo na mwili ukavimba. Mkunga anayeona uvimbe na protini hufikiria kifafa cha mimba kinanyemelea, naye ana haki, kwa sababu hakuna aliyemwambia habari za krimu. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda, na bado vinauzwa chini ya kaunta. Kwenye lebo zebaki huandikwa pia "calomel", "mercurio" au "mercuric iodide". Kopo lisilo na lebo ulichukulie kwamba linayo.

Kama ulikwisha kuanza, usione aibu: sema kliniki, taja ulipaka nini, wapi na kwa muda gani. Aliyepaka usoni kwa siku chache aache leo. Aliyepaka mwili mzima kwa miezi amwone daktari kabla ya kuacha ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huweza kuwa zimelala kutokana na steroidi, na uchungu wa kuzaa ndio wakati mwili unapozihitaji zaidi. Ngozi itachoma, itatoa vipele, na rangi itarudi kwa kasi. Hicho ni kipindi cha kupita. Wengi hushindwa hapo wakarudia kopo.

Cha kufanya badala yake: nunua losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, na uchague ile yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, nayo huzuia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao kwenye ngozi nyeusi huchochea mabaka kwa nguvu na ambao losheni za kawaida huupitisha. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kofia pana, mwavuli au kitenge kizito kichwani husaidia. Kanga nyepesi hupitisha mwanga mwingi. Osha uso kwa sabuni isiyo kali, bila kusugua, maana ngozi nyeusi ikikwaruzwa hujibu kwa kuongeza weusi.

Ndimu na limau viishie jikoni. Maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha doa jeusi kuliko lile la mwanzo. Liwa haina neno kwa aliyeizoea, mradi haikuwashi. Ukitaka dawa hasa, ile tunayokubali kuiandika wakati wa mimba na kunyonyesha ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Huchoma kidogo siku za kwanza, na isipimwe kabla ya wiki 8 hadi 12. Krimu za tretinoini tunaziweka kando hadi ujifungue. Vidonge vya chunusi vya isotretinoini ni jambo zito zaidi: huharibu viungo vya mtoto, na anayevitumia anapaswa awe ameviacha angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Je, yatabaki? Kwa wengi hufifia ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Kwa baadhi hubaki kivuli, hasa wakiendelea kupigwa na jua bila kinga au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Ukifika wakati wa kuchagua njia ya uzazi, mkumbushe mhudumu kwamba ulipata mabaka.

Nina wiki 33. Usiku viganja na nyayo vinawasha hadi nalia, natia miguu kwenye beseni la maji baridi ndipo nipate usingizi. Hakuna kipele hata kimoja. Mama mkwe anasema ni ngozi inatanuka. — N., Mwanza

Ngozi inayotanuka huwasha tumboni, kwenye matiti na mapajani. Viganja na nyayo havitanuki. Dada, kesho asubuhi nenda kliniki, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Mwasho unaoanzia viganjani na nyayoni, unaozidi usiku, usio na vipele ila alama za kucha, hutufanya tufikirie ugonjwa wa ini wa mimba, ambapo nyongo haitiririki vizuri na asidi zake hujikusanya kwenye damu. Huja mara nyingi baada ya wiki ya 28. Angalia mkojo kama umekuwa mweusi ingawa unakunywa maji, choo kama kimepauka, na weupe wa macho kama una umanjano. Usipoona lolote kati ya hayo bado unahitaji kipimo, kwa sababu wengi huwa na mwasho peke yake.

Kipimo chenyewe ni damu: asidi za nyongo, pamoja na vimeng'enya vya ini. Asidi za nyongo zikifika mikromoli 19 kwa lita au zaidi, pamoja na mwasho, ugonjwa upo. Kati ya 19 na 39 ni wa kiasi. Kuanzia 40 hadi 99 ni wa kati. Zikifika 100 hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda waziwazi, na hapo madaktari hupanga kumtoa mtoto katika wiki ya 35 au 36. Zikiwa chini ya hapo, na hakuna tatizo lingine kama presha au mapacha, hatari hiyo haizidi sana ya mjamzito mwingine, na kuzaa kunaweza kusubiri hadi wiki ya 38, 39 au 40 kulingana na vipimo. Hospitali nyingi za wilaya hazina kipimo cha asidi za nyongo. Basi waanze na vimeng'enya vya ini, nawe uombe rufaa ya kwenda panapopimwa hicho kingine. Majibu yakitoka mazuri na mwasho ukaendelea, rudia baada ya wiki moja au mbili: mara nyingine mwasho hutangulia vipimo.

Dawa ya asidi ya ursodeoksikoliki hupunguza mwasho kwa baadhi, lakini haijathibitika kumlinda mtoto, kwa hiyo kumeza dawa si sababu ya kuacha kupima. Losheni yenye mentholi ya asilimia 1 au 2 hupooza. Klofenamini usiku hukusaidia kulala, ingawa haigusi chanzo. Dawa za mitishamba za "kusafisha ini" usiziguse. Ini lako lina kazi ya kutosha. Fuatilia mtoto anavyocheza, na siku yoyote akipungua kucheza kuliko kawaida yake nenda hospitali siku hiyohiyo. Baada ya kujifungua mwasho huisha ndani ya siku au wiki chache. Mimba ijayo ugonjwa huu huweza kurudi. Waambie tangu hudhurio la kwanza.

Mwenzako wa Kibaha, mwenye wiki 36, ametuandikia kuwa yeye ana vipele vilivyoanzia kwenye michirizi ya tumbo vikashuka mapajani, na kitovu kimebaki safi. Hivyo ni vipele vya mwisho wa mimba, hupenda mimba ya kwanza na mimba ya mapacha, havimdhuru mtoto na huisha ndani ya wiki chache. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, kiasi kidogo mara mbili kwa siku, inatosha wengi. Asichanganye ushauri huu na ule wa mkorogo: steroidi hafifu, kwa kipimo, kwa muda mfupi, haina hofu. Lakini vipele vikianzia kitovuni na kutoa malengelenge ni ugonjwa mwingine, adimu, unaoweza kumgusa mtoto, na huyo tunamtaka kwa daktari wa ngozi wiki hiyohiyo.

Hapa kuna kosa linalofanyika hata kwa wahudumu. Vitabu husema "wekundu", na kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani. Kipele chetu huwa cha zambarau, cha kijivu, au cheusi kuliko ngozi ya pembeni, na pengine hakina rangi yoyote ila kimeinuka. Simama dirishani mchana, mwanga uje kwa ubavu, kisha pitisha ncha za vidole juu ya ngozi. Mkono huona kabla ya jicho.

Mambo mawili yasisahaulike. Kama nyumba nzima inajikuna usiku, na kuna vipele kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kuzunguka chuchu, huo ni upele wa kawaida. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 inafaa kwa mjamzito, ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni usiku mzima, irudiwe baada ya siku saba, na wote nyumbani wapake usiku uleule. Na madoa ya viganja na nyayo ambayo hayawashi kabisa yanaweza kuwa kaswende. Kipimo chake hufanyika kliniki, sindano ya penisilini huiponya na kumlinda mtoto, na mume asipotibiwa mama ataambukizwa tena.

Hamjambo. Mke wangu ana wiki 35. Miguu imevimba viatu haviingii, na tangu jana hata uso na vidole. Pete imegoma kutoka. Analalamika kichwa. Shangazi anasema aache kunywa maji na achuliwe miguu kwa mafuta ya nazi. — Baba Mtarajiwa, Dodoma

Hatujambo. Kama bado hajapimwa presha, acha kusoma umpeleke. Majibu mengine utayasoma mkiwa kwenye foleni.

Miguu kuvimba jioni ni jambo la wajawazito wengi. Damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa, na mji wa mimba hukalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni. Uvimbe wa namna hiyo huwa pande zote mbili, hupungua ukilala, hurudi ukisimama. Uso na vidole kuvimba ghafla pamoja na maumivu ya kichwa ni habari nyingine: ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba. Nyingine ni kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, na kupumua kwa shida. Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 inahitaji kuchunguzwa siku hiyo, pamoja na protini kwenye mkojo na damu ya kuangalia figo, ini na chembe sahani. Ikifika 160/110 ni dharura; dawa ya kushusha presha inatakiwa iingie ndani ya saa moja, na sindano ya magnesiamu salfeti hutolewa kuzuia degedege. Pete ikatwe mapema, maana kidole kikizidi kuvimba kitakosa damu.

Presha hii huweza pia kuja bila uvimbe wowote. Ndiyo maana mama mwembamba asiyevimba anapimwa kila hudhurio, na ndiyo maana hatari haiishi mtoto anapotoka: dalili hizohizo zikitokea ndani ya wiki sita za uzazi, mrudishe hospitali.

Maji asiache. Kujinyima maji hakupunguzi uvimbe, hukausha tu mwili na kuleta maambukizi ya mkojo. Vidonge vya kukojoza asipewe kwa ajili ya uvimbe wa mimba. Kwa uvimbe wa kawaida, baada ya presha kupimwa na kuonekana nzuri, alalie ubavu wa kushoto, ainue miguu juu ya mto dakika 20 mara tatu kwa siku, atembee badala ya kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu, na asiongeze chumvi mezani.

Kuhusu kuchuliwa, tunaomba shangazi atusikilize kwa heshima zote. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, hasa wa kushoto, ukawa na joto na maumivu kwenye misuli ya nyuma ya goti kwenda chini, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kuuchua kunaweza kulimegua bonge hilo likapanda hadi mapafuni. Mguu huo hauguswi, unapelekwa kupigwa picha ya ultrasaundi. Tiba ni sindano za heparini, ambazo haziingii kwa mtoto. Vidonge vya wafarini huepukwa katika mimba. Mke wako akibanwa pumzi ghafla au kuchomwa kifuani, hakuna cha kusubiri asubuhi.

Assalaam aleikum. Nina miezi sita. Kwapa zote mbili zimetoka vinundu laini, vinauma kidogo. Naogopa saratani, nimekosa raha. — Umm F., Mombasa

Waaleikum salaam dada yetu. Mtoto anapojengwa tumboni, tishu ya matiti hupita kwenye mstari unaotoka kwapani hadi kinenani, kisha hubaki kifuani tu. Kwa baadhi yetu kipande husalia kwapani, kimelala, hadi homoni za mimba zikiamshe. Hilo ni titi la ziada. Huwa laini, mara nyingi pande zote mbili, huuma kama matiti yanavyouma, na huvimba zaidi siku ya tatu hivi baada ya kujifungua maziwa yanapoingia. Wengine hukuta na kichuchu kidogo kinachotoa tone la maziwa.

Usilikamue wala kulikanda. Ukilikamua unaliambia litengeneze zaidi. Kitambaa cha maji baridi dakika kumi na parasetamoli vinatosha, na ndani ya wiki chache hupungua. Hata hivyo mwonyeshe daktari mara moja ili moyo utulie, na usikawie kama kinundu ni kimoja, kigumu, hakisogei, au ngozi ya juu yake imevutwa ndani. Ultrasaundi ya kwapa na titi hufanyika bila madhara kwa mtoto.

Umeuliza pia vipele vinavyozunguka chuchu. Ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha; usiviminye, na usioshe chuchu kwa sabuni. Majimaji ya njano yanayotoka sasa ni dang'a, yanaweza kuanza hata miezi minne na hayaishi kwa kutoka mapema. Yakiwa na damu, nenda ukaangaliwe.

Mstari mweusi wa tumboni unapanda hadi juu ya kitovu. Wanasema ni wa kiume. Na shingo imekuwa nyeusi, nasugua kwa dodoki haitoki. — Mama wa Pili, Tanga

Mstari upo tangu kabla ya mimba, ila rangi yake inalingana na ngozi, homoni huukoleza. Urefu wake hausemi chochote kuhusu jinsia, na hufifia miezi kadhaa baada ya kuzaa. Chuchu, kwapa na mapaja ya ndani hukoleza vilevile.

Shingo ndiyo tunayotaka uitazame vizuri. Ikiwa ni weusi tu, ngozi ikiwa laini na nyembamba kama kawaida, iache. Ikiwa imekuwa nene, ina mikunjo, ukiigusa ni kama mahameli, hiyo huashiria kwamba mwili unapigana na insulini, na sukari ya mimba inaweza kuwa njiani. Dodoki haliwezi kuitoa, litaikwaruza tu iwe nyeusi zaidi. Omba kipimo cha sukari bila kungoja. Kipimo kamili hufanyika wiki ya 24 hadi 28: unafunga usiku, unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi, unapimwa tena baada ya saa moja na saa mbili. Ikifika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, ni sukari ya mimba. Jibu moja tu kati ya hayo linatosha. Wengi hudhibitiwa kwa chakula na kutembea.

Mafuta gani yanazuia michirizi? Nimeambiwa siagi ya kakao, mafuta ya zeituni, ya nazi... — Wasomaji kadhaa

Hakuna. Siagi ya kakao na mafuta ya zeituni yamejaribiwa kwa wajawazito na hayakuzuia. Michirizi hutokea nyuzi za ndani ya ngozi zinapokatika, mahali ambapo mafuta ya juu hayafiki. Anayeipata zaidi ni mwenye umri mdogo, aliyerithi kwa mama, na anayeongezeka uzito haraka. Uzito ndio pekee ulio mikononi mwako kidogo: mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa wastani hutarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima, aliyeanza akiwa mnene kiasi ni kilo 7 hadi 11.5. Usijinyime chakula kwa ajili ya ngozi.

Mafuta ya nazi yapake kwa sababu hupunguza ukavu na mwasho, nayo hiyo ni faida ya kweli. Usitoe fedha nyingi kwa chupa inayoahidi kufuta. Michirizi huanza ikiwa myeusi au ya zambarau, kisha hupauka yenyewe baada ya mwaka hivi na kubaki mistari hafifu.

Pua imekuwa kubwa, viatu namba imepanda, na vidole vinakufa ganzi usiku. Nitarudi nilivyokuwa? — G., Arusha

Pua, ndiyo, itarudi. Ni maji na mishipa iliyotanuka, na ndiyo inayofanya pua izibe bila mafua. Tumia maji ya chumvi ya kusafishia pua, si dawa za kuzibua za kila siku. Miguu huenda isirudi yote: kano zinazoshika unyayo hulegea, upinde hushuka, na baadhi ya kina mama hubaki na mguu mrefu kidogo maisha yao yote, hasa baada ya mimba ya kwanza. Viatu vipya vya bei usinunue sasa.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati hutokana na uvimbe unaobana neva kwenye kifundo cha mkono. Funga kifundo usiku kwa bandeji yenye kibao ili kinyooke, usilalie mkono. Huisha wiki chache baada ya kuzaa. Ila ganzi ya upande mmoja wa mwili, au mdomo kupinda, siyo hiyo. Hiyo ni ya hospitali mara moja.

Umegusia fizi kutoka damu. Usiache mswaki; chukua ulio laini, mara mbili kwa siku, na umwone daktari wa meno, kwani kusafishwa na hata kung'olewa jino kwa ganzi ya sindano kunaruhusiwa katika mimba. Kinyama kinachoota kwenye fizi na kutoa damu kwa kuguswa kawaida hunywea baada ya kujifungua.

Mtoto ana miezi mitatu, nywele zinatoka mafungu kila nikichana. Wakati wa mimba zilikuwa nzito ajabu. — Mama wa Mapacha, Iringa

Hongera kwa mapacha. Mimba ilizizuia nywele zako zisidondoke kwa wakati wake. Homoni zilipoporomoka, zote zilizocheleweshwa zimeingia zamu kwa pamoja. Huanza mwezi wa pili hadi wa nne baada ya kuzaa na hujirudisha kati ya miezi sita na kumi na miwili. Hakuna mafuta ya kuliharakisha hilo, wala kunyonyesha si chanzo, kwa hiyo usiwaachishe.

Mapacha hula damu ya mama, basi pima wingi wa damu. Katika mimba tunataka gramu 11 kwa desilita au zaidi, baada ya kuzaa 12, na upungufu wa madini ya chuma huchelewesha nywele kuota. Pima na tezi ya shingo kama unachoka kupita kiasi, moyo unakwenda mbio au unahisi baridi wakati wengine wana joto. Nywele zilegezwe: yebo na rasta zilizokazwa kwenye ukingo wa uso huvuta mizizi, na pale ikishakufa haioti tena. Ukiona upara wa duara wenye mpaka, au magamba na mwasho kichwani, njoo uonekane, kwa kuwa hilo halitokani na uzazi.